Uzi: Vihisi vya upepo kwenye magurudumu ya pikipiki. Tuzungumze valvu na adapta kabla hamjanunua

Mzee_wa_Gia

Habari za jioni, wanajukwaa.

Maswali kuhusu vihisi vya kupima upepo wa tairi yamekuwa mengi humu, na karibu yote yanataka kujua ni chapa gani inafaa kununuliwa. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kihisi hicho kitabebwa na nini? Pikipiki nyingi tunazoendesha hapa Nairobi zilitoka kiwandani zikiwa na valvu za kubeba kifuniko chepesi cha plastiki, nasi sasa tunazitwika kifaa chenye betri, cha gramu kumi hivi, kisha tunaingia nazo kwenye barabara tunazozijua wenyewe.

Kwa asiyefahamu, vihisi ni vya aina mbili. Cha nje hufungwa kwenye mdomo wa valvu mahali pa kifuniko. Pini yake hukibonyeza kiini cha valvu, yaani kile kipande chembamba cha ndani chenye springi, hewa ikapanda hadi kwenye kihisi, na kuanzia hapo kinachozuia upepo usitoke si kiini tena bali mpira mdogo ulio ndani ya kihisi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kihisi ni kifuniko chenye akili tu. Kumbe ganda lake likipasuka kwa kugonga jiwe huku limebaki limefungwa, upepo unatoka kana kwamba umekishika kiini kwa kidole. Kihisi cha ndani, kwa upande wake, huunganishwa na shina la valvu ya chuma na kukaa ndani ya rimu. Lazima tairi livuliwe ili kukiweka, na gurudumu liwe lile lisilotumia tyubu.

Sasa hesabu. Gurudumu la nusu kipenyo cha sentimita 30 hivi, likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka kwa kasi ambayo kitu kilichopo sentimita 18 kutoka katikati husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wake takribani mara 150. Gramu kumi zako zimekuwa kilo moja na nusu. Kwa kilomita 60 kwa saa bado ni zaidi ya nusu kilo, kwa maana nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, mzigo huzidishwa mara nne. Valvu ya pikipiki huelekea katikati ya gurudumu, kwa hiyo mzigo huo hukikandamiza kihisi kuelekea kwenye rimu. Shina la chuma hustahimili bila taabu. Shina la mpira, lisiponyooka sawasawa, hujikunja kando, hurudi pikipiki inapopunguza mwendo, hujikunja tena, na hatimaye huanza kuchanika pale chini linapoingia kwenye tundu la rimu, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi.

Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba kihisi cha nje kisifungwe juu ya valvu ya mpira ya gurudumu lisilo na tyubu, hata kama karatasi ya maelezo haikukataza. Badilisheni valvu kwanza. Wenye mawazo mengine karibuni.

---

Spoku_na_Tyubu

Shikamoo Mzee, na asante kwa ufafanuzi. Mimi ninaendesha Boxer 150 yenye spoku, na magurudumu yote mawili yana tyubu. Valvu zangu tayari ni za chuma, kwa sababu zimetoka pamoja na tyubu. Je, ina maana mimi nimepona, au kuna jambo jingine ninalopaswa kulitazama?

---

Mzee_wa_Gia

Marahaba, ndugu. Shina lako ni la chuma, lakini limeshikwa na mpira wa tyubu, na hapo ndipo penye udhaifu wako. Upepo ukipungua sana, tairi huteleza kidogo juu ya rimu unapofunga breki au unapoondoka kwa nguvu, nayo tyubu hufuatana na tairi. Valvu haiwezi kufuata kwa kuwa imepita kwenye tundu, basi huinama. Ukiona valvu imelala upande mmoja, usiifungie kihisi. Toa upepo wote, sogeza tairi na tyubu hadi valvu isimame wima, kisha ujaze upya.

Kuna suala la ile nati inayokaa chini ya valvu pia. Mafundi wengi wa pancha huikaza hadi kwenye rimu kwa spana. Waendeshaji wa njia za vumbi huiacha juu, ikabana kifuniko, ili tyubu ikiteleza valvu iweze kuinama na ionekane, badala ya kushikiliwa pale chini hadi ing'oke kwenye tyubu. Ukiwa na kihisi, nati hiyo inaweza kuachwa juu vivyo hivyo, chini ya kihisi, bila kukigandamiza.

---

Fundi_Magurudumu

Niongezee upande wa kazi yenyewe, kwa kuwa ninaifanya kila siku.

Kabla ya kununua valvu ya chuma kwa gurudumu lisilo na tyubu, ujue tundu la rimu yako. Yanayokutana na mikono yetu mara nyingi ni milimita 8.3 na milimita 11.3. Mteja hununua ya 11.3 kwa sababu ndiyo aliyoiona dukani, kisha anamwomba fundi apanue tundu kwa drili. Tafadhali msifanye hivyo. Rimu ya aloi imepimwa unene wake pale kwenye tundu, na tundu lililopanuliwa kwa drili ya mkono halibaki la duara kamili, mpira wa valvu haukai vizuri, na upepo utapenyeza polepole mwaka mzima. Kipimo cha kawaida cha vanieri kinatosha kukuonyesha tundu ni la ukubwa gani, valvu ya zamani ikishatolewa.

Pili, valvu ya chuma haivutwi kwa koleo kama ile ya mpira. Huingizwa kutoka ndani ya rimu, mpira wake ukakaa upande wa ndani, kisha hukazwa kwa nati kutoka nje. Kabla ya kuiingiza, futa tundu kwa kitambaa na upitishe kidole: kutu nyeupe ya alumini ikiachwa pale, huo mpira hautaziba. Nati ikazwe mpaka mpira ubanike kidogo, basi. Ukiuona unafinyangika na kutokeza pembeni, umezidisha, na utakatika kabla ya msimu wa mvua kufika. Si lazima tairi litolewe lote. Kutenganisha ukingo mmoja na rimu kunatosha kupitisha mkono.

Baada ya kujaza, paka maji ya sabuni kwenye shina, kwenye nati, na mdomoni mwa valvu kabla ya kufunga kihisi, kisha upake tena baada ya kukifunga. Nikiona povu kabla ya kihisi, kosa ni langu au ni la valvu. Nikiliona baada ya kihisi tu, kosa ni la kihisi au la mkono ulioupindisha mpira wake. Bila kupima mara mbili, mtabishana na muuza kihisi bila sababu.

Mwisho, zungusha gurudumu kwa mkono duru nzima, polepole, ukitazama kihisi kinavyopita karibu na kalipa ya breki (kile kinachobana diski), foku na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Nafasi ya milimita mbili si nafasi. Ninataka kidole changu kipite.

---

Njia_Panda_Karen

Fundi, shukrani. Swali langu linahusu adapta. Pikipiki yangu ina diski mbili mbele na nafasi ni finyu, kiasi kwamba mdomo wa bomba la upepo la kituo cha mafuta hauingii. Nimeonyeshwa adapta ya kona ya digrii 90 na nyingine yenye umbo la T, ambayo kihisi hukaa upande mmoja nami nikajaza upepo upande mwingine bila kukifungua. Je, naweza kuziacha zikae hapo siku zote?

---

Fundi_Magurudumu

Dada, kwa heshima, jibu langu ni hapana kwa zote mbili, ingawa sababu ni tofauti.

Ile T inavutia kwa sababu inakuondolea kero ya kufungua kihisi. Lakini hesabu mahali pa kuvujia. Valvu tupu ina kiini kimoja, na juu yake kifuniko kinachosaidia. Ukifunga kihisi peke yake, una mpira mmoja. Ukifunga T, una mpira wa chini inapoungana na valvu, mpira wa kihisi, na kiini cha pili cha upande wa kujazia, vyote vikitegemea kwamba hakuna hata kimoja kilichoingia mchanga. Juu ya hayo, uzito umeongezeka na umesogea mbali na mstari wa shina, kwa hiyo shina halikandamizwi tena kwa unyoofu bali linapindwa.

Adapta ya kona ni chombo kizuri sana, lakini pahali pake ni kwenye mfuko wa spana. Ifunge unapojaza, ifungue ukimaliza. Ukitaka kona ya kudumu, nunua valvu ya chuma iliyotengenezwa ikiwa na kona tangu mwanzo, kipande kimoja, isiyo na maungio katikati. Hiyo hutoka kando kidogo, bomba la upepo linaifikia, na kihisi hukaa juu yake vizuri. Uangalie tu inaelekezwa upande upi kabla sijaikaza, kwa sababu kona iliyoelekea kwenye kalipa hutaigundua mpaka gurudumu lizunguke.

---

Mzee_wa_Gia

Naunga mkono, na nina nyongeza ndogo. Mfumo wa BMW, ambao pikipiki zao nyingi kubwa huja nao kutoka kiwandani, huweka kihisi ndani ya rimu na hauhitaji adapta yoyote. Wenye nazo wanapaswa kumwambia fundi mapema, kabla hajaingiza chuma cha kufungulia tairi, kwa sababu kihisi kiko pale pale kwenye valvu na kikigongwa kwa chuma hakitengenezeki. Jambo jingine ni kwamba namba inayosomeka kwenye dashibodi yao imesahihishwa kuwa kana kwamba hewa ya tairi ipo nyuzijoto 20. Geji yako ikisema psi 39 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) na dashibodi ikasema 36 tairi likiwa na moto, usimlaumu yeyote.

---

Kilima_na_Bonde

Hapo umegusa ninachotaka kuuliza. Kihisi changu cha nje kinanisomea psi 25 au 26, lakini geji ya fundi inasema 28, tairi likiwa baridi asubuhi. Nimebadilisha betri, tofauti ni ile ile. Cha ajabu ni kwamba rafiki yangu anayeishi Mombasa ana seti kama yangu, na yake inalingana na geji. Je, nimeuziwa kihisi kibovu?

---

Mzee_wa_Gia

Huenda kihisi chako ni kizima kabisa, ila kinadhani kipo pwani. Naomba subira yenu, kwa sababu jambo hili lina maelezo marefu na ni letu sisi tunaoishi juu.

Geji ya kawaida ya fundi hupima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya tairi na hewa iliyo nje. Kihisi cha kielektroniki aghalabu hupima presha yote ya ndani kuanzia utupu, kisha programu yake hupunguza presha ya hewa ya nje ili ikupe namba inayofanana na ya geji. Usawa wa bahari, hewa ya nje ni psi 14.7. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa huo, hewa ya nje ni psi 12 hivi. Kama mtengenezaji aliweka 14.7 kama namba isiyobadilika, kihisi kitapunguza psi 2.7 zaidi ya inavyostahili, na 28 yako itasomeka 25 na kitu. Ndivyo unavyoona. Mombasa kihisi hicho hicho kitasema kweli.

Seti nyingine hujisahihisha kwa kusoma hewa ya nje zinapowekewa betri au zinapowashwa. Hizo ni nzuri zaidi, lakini zina mtego wake: ukiiwasha Nairobi kisha ukateremka hadi Mombasa bila kuisahihisha upya, itakusomea psi 2.7 za ziada, na hilo ni baya kuliko kosa lako wewe, kwa sababu tairi lililopungua litaonekana lipo sawa.

Wengine hushauri kukifungua kihisi na kukitazama kikiwa hewani: kikionyesha sifuri, basi kipo sahihi. Sishauri hivyo. Skrini nyingi haziandiki namba iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo kihisi kinachokosea kwa 2.7 kuelekea chini kitaonyesha sifuri safi vilevile. Kilinganishe na geji moja unayoiamini, tairi likiwa baridi, andika tofauti, na upange kengele ya tahadhari kwa kuihesabu tofauti hiyo.

Mkitaka kuona jinsi mambo haya yanavyochezeana, chukueni tairi lililojazwa psi 30 Mombasa asubuhi yenye nyuzijoto 30, bila kuvuja hata kidogo. Likifika Nairobi kwenye nyuzijoto 18, hewa nyepesi ya huku huliongezea 2.7, baridi hulipunguzia karibu 1.8, na geji itasoma 31 hivi. Kwa anayepanda kutoka mjini hadi Limuru tofauti ya mwinuko haifiki hata psi moja. Hapo joto ndilo linalotawala. Tairi lililojazwa 28 alfajiri linaweza kusoma karibu 32 adhuhuri kwenye foleni ya Mombasa Road, na usilipunguze upepo kwa sababu hiyo, maana kesho asubuhi utalikuta chini ya kiwango.

---

Kilima_na_Bonde

Nimeelewa, Mzee. Kengele ya chini nilikuwa nimeipanga 22, kumbe kwa kihisi changu ingelia tairi likiwa bado na 24 na zaidi. Nitaishusha hadi 20 na kuiandika kwenye kibandiko kando ya skrini.

---

Stejini_Tangu_Saa_Kumi

Ndugu zangu, nimesoma uzi wote kwa utulivu na bado sijashawishika. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda. Asubuhi natembea hadi kwa kijana wa pancha aliye kando ya steji, ananijazia, naondoka. Mwendo wangu mjini haufiki 60 mara nyingi, na tyubu yangu ikitobolewa na msumari nitajua kwa makalio kabla ya skrini yoyote kulia. Hiyo pesa ya vihisi inanunua tairi la nyuma, au inakaribia. Isitoshe, kihisi cha nje kikiachwa katikati ya mji nusu saa, ukirudi hukikuti.

---

Fundi_Magurudumu

Mimi nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na sisemi hivyo ili kukufurahisha. Tyubu ikitobolewa hutoa upepo kwa haraka, kwa sababu hewa hupita kati ya tyubu na tairi na kutokea kwenye matundu ya spoku na ya valvu. Kihisi kitakuambia jambo ambalo tayari unalihisi. Faida yake kubwa ipo kwenye tairi lisilo na tyubu, ambalo msumari huweza kukaa ndani yake saa nyingi ukivujisha kidogo kidogo bila mwendeshaji kugundua, mpaka anapoinamisha pikipiki kwenye kona. Kwa kazi yako, geji nzuri ya mfukoni na desturi ya kupima kabla ya tairi kupata moto ni bora kuliko seti ya bei rahisi. Ila nakuomba upime kwa geji kweli. Kubonyeza kwa dole gumba hakutofautishi 20 na 28 kwenye tairi gumu la nyuma, na ukimpakia abiria na mzigo wake hiyo tofauti ndiyo inayokunja tairi na kulichemsha.

Kuhusu wizi, seti nyingi huja na nati nyembamba ya kufungia: unaitanguliza kwenye valvu, unafunga kihisi juu yake, kisha unaikaza nati kukipinga kihisi kwa spana yake bapa. Mwizi mwenye nia ataleta spana, lakini anayepita tu na vidole vyake hataweza. Ubaya ni kwamba nati hiyo hula nyuzi mbili tatu za valvu, na kama valvu yako ni fupi, kihisi hakitashuka vya kutosha kukibonyeza kiini. Kikisoma sifuri baada ya kukifunga kwa nati, kifungue ujaribu bila nati kabla ya kukitupa.

---

Njia_Panda_Karen

Nina maswali mawili ya mwisho kwa Fundi. Je, nikishaweka kihisi gurudumu linahitaji balansi upya? Na je, dawa ya kuziba pancha inaruhusiwa?

---

Fundi_Magurudumu

Balansi: kwa pikipiki ndogo ya mjini, gramu kumi hutazihisi. Kwa yako, ikiwa unafika 100 kwenye Thika Road, gurudumu la mbele libalansiwe baada ya kihisi na valvu mpya kukaa, tena kihisi kikiwa kimefungwa wakati wa kubalansi. Nimeona watu wakikitoa ili kisipotee karakana, kisha wanakirudisha, na kazi yote imekuwa bure.

Dawa: ile ya majimaji huziba tundu dogo la kihisi, cha nje na cha ndani. Kama ni lazima uitumie, fungua kihisi cha nje kwanza, tia dawa, zungusha gurudumu, egemeza pikipiki valvu ikiwa juu ili dawa itiririke chini, subiri, halafu ndipo ukirudishe. Kwa kihisi cha ndani, beba kamba za kuzibia tairi na pampu ndogo badala ya dawa.

Nami nina ombi moja. Ukichagua valvu ya alumini, pakeni grisi kidogo sana kwenye nyuzi kabla ya kufunga kihisi chenye nyuzi za shaba, na mkifungue mara kwa mara. Madini hayo mawili yakikutana na maji ya mvua yetu huliana, kihisi hugandama, na anayekuja kulazimisha kwa koleo huondoka na kihisi pamoja na mdomo wa valvu. Valvu za shaba hazina tatizo hilo, na kwa hali ya Nairobi ndizo ninazozipendelea, ingawa hazina rangi nzuri.

---

Njia_Panda_Karen

Basi nitatafuta ya shaba, milimita 8.3, yenye kona. Jumamosi asubuhi nitakuletea gurudumu la mbele likiwa limeshatolewa, ili upime tundu kwanza kabla sijalipia chochote.